Nchi Iliyopima Vipaji kwa Vidole

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani. Nimewauliza wachora ramani, wakaniambia waliwahi kuiweka, ila yenyewe ikaomba itolewe kwa sababu ilichorwa ndogo. Kwa hiyo msomaji atakayesema ameitambua, basi ameitambua kwa macho yake mwenyewe, mimi simo.

Inaitwa Hewala. Wimbo wake wa taifa una neno moja tu, na neno lenyewe ndilo hilo. Kwenye ngao ya taifa pameandikwa: Hewala haigombi. Mkubwa akisema mvua inanyesha, Wahewala hufungua miavuli kwanza, ndipo waangalie juu, na wengi wao hata juu hawaangalii.

Katika mji wa Kilimbwe, nchini humo, alikuwako kinyozi aitwaye Sikitu Mbaruku. Kinyozi wa kike si jambo lililozoeleka kule, na siku za mwanzo wanaume walikuwa wakipita mbele ya banda lake wakikohoa tu, wakijifanya wanakwenda kwingine. Lakini Sikitu alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na taratibu wakaanza kuingia, wengine kwa ajili ya mkono, wengine kwa ajili ya mdomo.

"Nikimnyoa mwanamume," alikuwa akijisifu, "mkewe anamkaribisha upya nyumbani kama mgeni."

Kiti alirithi kwa marehemu baba yake. Alirithi na desturi ya banda: mlangoni palikuwa na beseni la maji, na juu ya beseni kibao kilichosema, *Mwenzako akinyolewa, zako tia maji*. Uwe nani, uwe na cheo gani, zamu yako ikikaribia unalowesha kichwa chako kwa mkono wako. Baba yake aliwahi kumrudisha mkuu wa wilaya aliyetaka kuloweshewa. Kiti hicho ndicho kilichokuwa dunia nzima ya Sikitu, na hakutaka dunia nyingine.

Alikuwa na dosari moja, ambayo hadi wakati huo haikuwa dosari. Nywele zake zilianzia karibu kabisa na nyusi. Kina Mbaruku wote walikuwa hivyo. Babu yake, inasemekana, akikasirika nyusi zilikuwa zinaingia nyweleni, ikabidi asubiriwe atulie zitoke.

*

Siku moja Baba Mlezi, Rais wa Maisha na Siku Chache za Nyongeza, alipata habari kwamba vijana wa Hewala wanashinda vijiweni wakihesabu magari ya viongozi. Akalihutubia taifa.

"Vijana wangu wapendwa! Nasikia mnalalamika kwamba hakuna kazi. Si kweli. Kazi zipo, ila zimejificha, zinaona haya kukutana na vijana wasiojijua! Mungu hakumnyima mtu kipaji. Kila mmoja wenu anacho, anatembea nacho, analala nacho! Sasa naagiza: vipaji vya vijana wote vitafutwe, vipimwe, na kila kijana apewe kazi kwa kadiri ya kipaji chake!"

Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikaota malengelenge. Baba Mlezi akapanda ndege kwenda kutibiwa goti, huko ng'ambo ambako magoti yanasikilizwa.

Ikaundwa Wizara ya Vipaji. Kwa kubana matumizi, ilichukuliwa Wizara ya Mifugo kama ilivyo, ikapakwa rangi kibao cha mlangoni. Mvua ikinyesha, kichwa cha ng'ombe kilikuwa kinajitokeza nyuma ya maandishi. Waziri alibaki yule yule, Mheshimiwa Dakta Kitojo. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, na heshima yenyewe alitunukiwa na shemeji yake.

Katika kikao cha kwanza swali lilikuwa moja: kipaji ni nini hasa? Ikaletwa kamusi. Dakta Kitojo akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya bungeni: "Kipaji. Sehemu ya uso iliyo juu ya nyusi na chini ya nywele."

"Aaa!" wakasema wote.

"Sasa mnaona hekima ya Baba Mlezi," Waziri akasema. "Kila mmoja anatembea nacho, analala nacho. Mimi nilielewa tangu pale pale."

Maana ya pili ilikuwa juu ya ukurasa unaofuata, ila chai ilikuwa imefika, na vitumbua vilikuwa vya moto. Karani mmoja mzee akanyanyua mkono, akasema kwa unyenyekevu kwamba alivyofundishwa shuleni neno hilo lina maana nyingine pia.

"Unataka kusema Baba Mlezi hakumaanisha alichosema?" Waziri akamuuliza.

"Hewala, Mheshimiwa," karani akajibu, akachukua kitumbua.

Kanda za kupimia zilizokuwapo zilikuwa za vifua vya mafahali. Ikaamuliwa vipaji vipimwe kwa vidole, na kwa ajili ya haki na usawa, vidole vyote viwe vya mtu mmoja: Bwana Lukindo, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa pembe.

*

Vijana wa Kilimbwe waliitwa kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Mbele ya Sikitu alisimama kijana mwenye sauti tamu, akaanza kuimba ili kipaji chake kionekane.

"Funga mdomo," Bwana Lukindo akamwambia. "Unakunja uso, vipimo vinaharibika."

Zamu ya Sikitu ikafika. Bwana Lukindo akanyoosha vidole, akavirudisha, akainama kumtazama vizuri.

"Binti, vua wigi."

"Si wigi, mzee."

"Basi zisogeze nyuma hizo nywele."

"Zisogee ziende wapi? Hapo ndipo kwao."

Akaweka kidole kimoja, akakipapasa huku na huku kama mtu anayetafuta pa kuegesha gari. "Kidole kimoja!" akatangaza. "Tena kimeingia kwa shida." Kisha Sikitu akapigwa usoni muhuri wa wino ulioandikwa KIMEPIMWA, na kwa kuwa nafasi haikutosha, nusu ya neno ikaangukia puani.

"Kazi yako?"

"Kinyozi."

"Ulikuwa," akasema Bwana Lukindo. "Ukinyozi unataka vidole vitatu. Wewe, mwanangu, huna kipaji. Utakwenda Kikosi cha Taifa cha Makofi."

Hapa sina budi kueleza. Viongozi wa Hewala wanahutubia sana, na makofi ya kujitolea yalikuwa hayatoshelezi mahitaji. Ndipo ikaanzishwa Kambi ya Bondeni, ambako wasio na kipaji wangefundishwa kupiga makofi wakiwa wamekaa, wakiwa wamesimama, wakiwa na njaa, na kwa waliofaulu vizuri, kupiga makofi kabla ya kuelewa.

Sikitu alirudi bandani akiwa na muhuri puani. Kibao chake cha jina kilikuwa kimeshang'olewa, na kipya kikapigiliwa: NGWALI, KINYOZI ALIYETHIBITISHWA. Iliuma. Alisimama pale akaulizwa na wapita njia kama anangoja zamu, akashindwa hata kuwajibu kwa utani, na huo ulikuwa msiba wenyewe.

*

Ngwali alikuwa kijana mpole, mwenye kipaji cha vidole vitano kilichoanzia kwenye nyusi na kuishia pale ambapo wenzake huvaa kofia. Vidole vitano kwa kawaida vilikuwa vya uongozi, lakini nafasi za uongozi zilikuwa zimeshajazwa na watoto wa viongozi, waliopimiwa nyumbani kwao. Ngwali alipenda kitu kimoja tu hapa duniani, kukanda unga. Chapati zake zilikuwa na tabaka mpaka mtu anasahau anachokula amefika wapi. Alimweleza Bwana Lukindo habari hizo, akaambiwa asijidharau.

Siku ya kwanza alimnyoa mwalimu mkuu. Kichwa kikatoka kama shamba la mihogo lililopitiwa na ngiri. Mwalimu akajitazama kwenye kioo, akamtazama Ngwali, akafunga shule wiki nzima.

Jioni yake Ngwali akamfuata Sikitu kwao, machozi yanamlenga.

"Dada Sikitu, nisaidie. Mimi nikiona wembe naona damu kabla haijatoka."

"Mimi naondoka na lori Jumatatu, kwenda kupiga makofi."

"Hakuna namna?"

Sikitu akafikiri. Mdomo wake, uliokuwa umelala, ukaanza kuamka. "Si kuna amri kwamba kila mwenye kipaji kikubwa ana haki ya mpiga makofi wake binafsi?"

"Ipo."

"Niombe mimi."

Ndivyo Sikitu alivyopangiwa rasmi kazi ya kupiga makofi ndani ya banda la marehemu baba yake. Pazia likafungwa katikati ya banda, mlango ukasindikwa. Mbele ya pazia Sikitu ananyoa. Nyuma ya pazia Ngwali anakaanga chapati, na kila dakika chache anapiga makofi. Mkaguzi akipita nje anasikia makofi, ananusa chapati, anaridhika, anakwenda zake.

Asubuhi moja akaingia Bi Rehani, muuza ndizi, anamvuta bintiye mkono.

"Sikitu mwanangu, huyu kakosa nusu kidole tu aende kusomea uuguzi. Tangu utoto anauguza watu, hata kuku wangu anawafunga bandeji. Wamempeleka wapi? Kwenye makofi! Vipimo vya marudio ni Ijumaa. Hebu mtazame. Huwezi kunipandishia kidogo?"

Sikitu akamzungusha binti kichwa, huku na huku. "Nywele si ukuta, Bi Rehani," akasema. "Atie maji."

Ijumaa binti akapimwa vidole vinne na kuelekezwa uuguzi. Kufikia Jumatatu foleni ya banda ilikuwa imepinda kona ya pili ya soko. Swali la zamani la kinyozi, "Nikupunguze au nikumalize?" likabadilika, likawa, "Nikupandishe wapi? Ualimu au uhandisi?" Mji mzima ukang'aa vipaji. Watu wa kidole kimoja wakawa wahandisi wa umeme, na umeme ukaanza kukatika kwa utaalamu zaidi.

Dakta Kitojo akazungumza redioni. "Chini ya uongozi wangu, vipaji vya vijana wa Kilimbwe vimekua maradufu! Wageni wametoka nchi za jirani kuja kujifunza! Wanauliza, siri ni nini? Siri ni sera!"

Sera, hata hivyo, ilikuwa na tatizo dogo la kuota. Mhandisi akizembea wiki mbili anaamka fundi baiskeli. Akizembea tatu, lori la Bondeni linamsubiri mlangoni. Basi wakawa wanarudi, na foleni haikuisha.

"Na wewe je, dada?" Ngwali aliuliza siku moja, anachungulia pazia. "Unapandisha mji mzima, mwenyewe unabaki na kidole chako. Ungepandisha, ungerudishiwa kibao chako."

"Kinyozi hajinyoi, Ngwali. Na akijinyoa hujikata."

"Basi nikunyoe mimi."

Sikitu akaitazama mikono yake, imejaa unga mpaka viwikoni. "Ngwali, nakupenda kama ndugu yangu wa tumbo moja," akasema. "Tusiharibu."

*

Goti likapona. Baba Mlezi akarudi, akasema anataka kuviona vipaji kwa macho yake, tena huko huko Kilimbwe vinakosifiwa. Dakta Kitojo akapata wazo, jambo lililowatia hofu wasaidizi wake: Baba Mlezi mwenyewe apimwe hadharani, ili taifa lijue kipaji kikubwa kuliko vyote ni cha nani.

Sasa, Baba Mlezi alikuwa haonekani bila kofia. Kwenye noti ana kofia. Kwenye stempu ana kofia. Ipo hata picha yake akiogelea ziwani, kofia kichwani. Siku ya sherehe, ndani ya hema nyuma ya jukwaa, Waziri akamwomba aivue ajiandae. Akaivua.

Hapakuwa na kipaji. Nywele zilikuwa zimeshuka, nyusi zikapanda kuzilaki, zikasalimiana na kuishi pamoja.

"Kinyozi!" Waziri akanong'ona kwa kelele.

Akaletwa Ngwali, na nyuma yake mpiga makofi wake. Ngwali alipoona kichwa chenyewe wembe ukamponyoka. Sikitu akauokota.

"Huyu nani?" akauliza Baba Mlezi.

"Mpiga makofi, Baba," Ngwali akasema. "Ila ndiye anayenyoa. Mimi ndiye ninayepiga makofi."

Baba Mlezi akaona hayo yote ni ya kawaida kwa serikali yake, akakaa. "Binti, hebu niambie. Tangu nimefika, kila kijana nikimuuliza kipaji chake ananisogezea uso. Kuna nini?"

"Si ndivyo ulivyoagiza, Baba? Vipaji vipimwe."

"Vipaji!" Baba Mlezi akafoka. "Vipaji! Kuimba! Kuchonga! Hesabu! Mtu anachokiweza kuliko wenzake!"

Dakta Kitojo akajifuta jasho kwenye kipaji chake, ambacho kilikuwa kimenyolewa juzi. Sikitu akaushusha wembe. Kumbe ilikuwa hivyo. Kumbe lilikuwa neno moja tu limesomwa nusu.

"Basi toka uwaambie, Baba," akasema. "Wako hapo nje. Waambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Baba Mlezi akanyanyuka nusu. Waziri akamwinamia sikioni. "Mtukufu, wakijua hukueleweka mara hii, watauliza na mara nyingine."

Baba Mlezi akarudi kukaa taratibu, kwa sababu ya goti. "Serikali haikosei," akasema. "Nyoa."

"Nitanyoa, Baba. Ila nataka kiti changu. Kile cha marehemu baba yangu."

"Utakipata. Ni ahadi ya Baba Mlezi."

Sikitu alizijua ahadi za Baba Mlezi. Barabara ya Kilimbwe ilitengenezwa kwa ahadi hizo, na masika yakifika watu wanazama ndani yake mpaka magotini. Lakini alikuwa na hasira, na mkono wake ukiwa na hasira hunyoa vizuri zaidi. Waziri akamlowesha Baba Mlezi kichwa kwa leso yake ya hariri. Sikitu akazitenganisha nyusi na nywele zilizokuwa zimeoana miaka sabini, akapanda polepole, akalainisha, akafuta, akapaka mafuta. Hakuwahi kunyoa hivyo maishani mwake.

"Vidole sita!" akapiga ukelele Bwana Lukindo jukwaani. "Na cha saba kinatafuta njia!"

Uwanja ukaripuka. Baba Mlezi akajipapasa. Uso ulikuwa unaendelea na kuendelea. Na kwa kuwa mtu akisifiwa sana huanza kujisadiki, akashika kipaza sauti, akalia machozi ya kweli. "Kipaji hiki nimezaliwa nacho! Hakuna aliyenipa! Na kuanzia leo ni marufuku mtu asiye na kipaji kugusa kichwa cha mwenye kipaji!"

Alasiri hiyo hiyo Sikitu akapandishwa lori la Bondeni. Ngwali alilikimbilia mpaka darajani, akamrushia chapati nne zilizofungwa kwenye gazeti lenye hotuba.

*

Kule kambini Sikitu alikuwa mwanafunzi mbovu. Alisubiri aelewe kwanza ndipo apige makofi, kwa hiyo mara nyingi hakupiga kabisa. Walimu wakamwandikia kuwa hana matumaini. Usiku alikunja vidole vyake vya mkono wa kulia, akavikunjua, asije akasahau. Alilia pia, sitamfichia.

Lakini nywele hazijui marufuku. Ikulu palikuwa na vinyozi wa vidole vitano tele, wote wameteuliwa, na kila mmoja akashika wembe kwa zamu yake. Wa kwanza akamwachia Baba Mlezi ngazi. Wa pili akatafuta kuisawazisha ngazi, akamwachia ghorofa. Kofia ikarudi, ila taifa lilikuwa limeshaona vidole sita na lilitaka kuviona tena. Televisheni ikaanza kumpiga picha kwa mbali, kisha kwa nyuma. Kwa sheria aliyoitia sahihi mwenyewe, alikuwa akishuka cheo kila akiamka. Asubuhi moja akajipima kwa siri, akakuta amekuwa fundi baiskeli.

Gari jeusi likaingia Bondeni, kioo kikateremshwa.

"Sikitu Mbaruku! Unaitwa Ikulu. Haraka."

"Nikapige makofi?"

"Ukanyoe."

"Haiwezekani, kaka. Mimi sina kipaji, ni marufuku. Muulize aliyepiga marufuku."

Gari likaondoka, likarudi. Marufuku ilikuwa imesitishwa kwa sababu za kiufundi.

"Sawa," Sikitu akasema. "Lakini kinyozi ana kiti chake. Changu kiko Kilimbwe. Mwenye kichwa ndiye humfuata mwenye wembe."

Dereva akamtazama kama mtu anayemuaga. Gari likaondoka tena, na safari hii lilichelewa. Liliporudi, mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Jumamosi iliyofuata foleni ya Kilimbwe ilikuwa imepinda kona ya pili kama zamani. Kibao cha SIKITU kilikuwa juu ya mlango, kimepigiliwa na Ngwali, kimepinda. Ngwali mwenyewe alikuwa kibarazani na tawa lake, mbele ya watu bila pazia, anauza chapati kwa waliochoka kusubiri. Vitabuni kule Wizarani, Sikitu bado alikuwa mpiga makofi wa kidole kimoja, na Bwana Lukindo bado alikuwa akizunguka nchi kupima.

Kwenye foleni, nyuma ya Bi Rehani na mbele ya muuza dagaa, alisimama mzee mwenye kofia iliyoteremshwa mpaka machoni. Hakuna aliyemtambua. Yaani, walimtambua wote, ila hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza. Kila hatua moja alikuwa anapumzisha goti. Dakta Kitojo alikuwa amekuja naye, lakini muuza dagaa alimuuliza kama naye ananyolewa au anasukuma tu, Waziri akaenda kusimama mwisho kabisa.

Bi Rehani akatoka, anajikung'uta poda shingoni.

"Anayefuata!" Sikitu akaita.

Mzee akaingia, akavua kofia, akakielekea kiti. Sikitu akakizuia kwa mguu, akaonyesha beseni kwa kidevu.

"Tia maji, Baba."

Mzee akatazama nyuma kumtafuta mtu wa kumlowesha. Foleni yote ilikuwa inamtazama, mkono wa kila mmoja umetulia ubavuni, na hakuna aliyepiga makofi. Akayatazama maji. Akautazama wembe. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akainama, goti likalia, akachota kwa kiganja chake mwenyewe.

"Hewala," akasema.